Asilimia Tisa

Ujumbe uliingia saa nne na dakika arubaini asubuhi, Khatib akiwa ameketi ng'ambo ya meza ya kituo cha polisi akipuliza chai yake. Simu haikulia. Ilimulika tu ndani ya droo iliyoachwa wazi nusu, na Inspekta Bochaberi, aliyekuwa ameinama kama anayeandika, akausoma bila kusogeza mkono.

"Nusra ni mimi. Sijui niko wapi. Nyumba ya mawe, haina dirisha. Mtu yuko nje. Usipige. Chaji 9."

Simu ile ilikuwa ya Nusra, mwalimu wa chekechea wa Mtangawanda. Jana magharibi alikuwa ameripoti kwamba dada yake, Hadia, hakurudi kutoka kazini. Hadia alikuwa karani wa chama cha kuhifadhi mikoko. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye mikono ya bahari, kuhesabu miti na kupiga picha visiki. Jana saa tano alipanda boti ya faiba ya Khatib. Saa kumi na moja boti ikarudi na Khatib peke yake. Bochaberi alivuka kutoka kisiwa cha Amu asubuhi hii kuja kuuliza kwa nini.

Aligeuza ukurasa wa daftari. "Endelea, Bwana Khatib. Ulimteremsha wapi?"

"Manda, gatini, penye uwanja wa ndege. Saa saba mtana." Khatib alikuwa mtu wa miaka arubaini na kitu, shati safi, sauti ya kujiamini. "Alisema ana safari ya Nairobi. Mimi ni mtu wa boti, Bi Inspekta. Abiria simuulizi aendako."

"Na hukumpigia dada yake kumwambia?"

"Simu ilinifia chaji. Saa sita hivi ilizima, nisiiwashe mpaka nimefika kwangu."

"Kalamu yangu nayo inakufa," Bochaberi alisema akiitikisa. Akaitia simu ya Nusra ndani ya daftari, akasimama. "Kunywa chai. Nakuja."

Chumba cha nyuma Nusra alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, na Konstebo Ian amesimama mlangoni. Bochaberi alifunga mlango kwanza, ndipo akampa Nusra simu. Nusra alisoma, akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Hii ni nambari gani?"

"Ni ile simu yake ya kale. Ana mbili. Ya kazini ndiyo ya picha, nzuri. Hii ya kale huifunga kwenye kanga kiunoni, ndani ya buibui. Hawakuiona! Bi Inspekta, hawakuiona!"

"Chini, chini. Betri yake ikoje?"

Furaha ikamtoka Nusra usoni. "Mbovu. Imetoka tumbo. Ikifika nne hufa papo hapo."

"Kwa hiyo tisa yake ni tano," Bochaberi alisema.

Aliketi kwenye kingo ya meza, akaichukua simu. Wakati huohuo ikamulika tena: kikundi cha ukoo kwenye WhatsApp. Ujumbe mia mbili na kumi na nane. Hadia uko wapi. Hadia jibu. Sauti za shangazi, dua zilizorekodiwa, picha ya Hadia siku ya harusi ya binamu yake.

"Yeye yumo humu?"

"Yumo."

"Basi mnamuua kwa mapenzi. Akiwasha data tu, vyote hivi vinashuka kwake, na chaji inaondoka navyo. Na kila anayempigia anamla chaji. Waandikie hivi: nambari ya zamani ya Hadia imeibiwa na matapeli, asiipige mtu, asitume kitu."

"Niwadanganye?"

"Kuna jamaa wa Khatib humu?"

Nusra alifikiri. "Kuna mke wa binamu yake."

"Basi wadanganye."

Nusra alipomaliza, Bochaberi akaandika mwenyewe, akipima kila neno: "Hadia ni Nusra. Zima data, wifi, bluetooth, location. Mwangaza chini kabisa. Sauti na mtetemo zima. Kisha weka hali ya ndegeni. Washa saa 5 kamili, 5 na nusu, 6. Dakika mbili tu. Jibu neno moja na namba ya chaji. Futa kila sms."

"Niongezee, umwambie polisi wako hapa," Nusra aliomba. "Ajue hayuko peke yake."

"Hapana. Simu ikikamatwa, nataka wasome dada anayelia, si polisi anayeuliza. Neno polisi linaweza kumfanya huyo aliye nje atende jambo ambalo hajalipanga."

Jibu lilirudi baada ya dakika moja. "Sawa. 8."

Walikuwa wamebakiwa na maswali matatu, labda manne. Bochaberi alikuwa amehoji wezi, wauaji na mahakimu, lakini hakuwahi kupewa shahidi ambaye kila jibu lake lingemgharimu pumzi.

Ian alikohoa. "Madam, kuna kitu. Nimepigiwa sasa hivi na jamaa wa hoteli moja Manda. Anasema jana mchana aliona mwanamke wa buibui pale gatini, na begi, anaburutwa mkono na mwanamume. Boti yetu ina mafuta ya safari moja. Mimi naona tutoke sasa hivi."

Habari ile ilikaa vizuri mno na maneno ya Khatib. Manda ilikuwa upande wa kusini. Wakienda huko na Hadia asiwepo, saa mbili zingepotea.

"Ndege ya asubuhi imetua leo?"

"Imetua saa nne na robo. Niliiona ikipita."

"Ngoja saa tano."

Saa tano kamili aliandika: "Leo umesikia ndege ikitua? Ndiyo au la."

Sekunde arubaini. Nusra alikuwa anasoma kitu midomoni bila sauti. "La. 7."

"Nyumba isiyo na dirisha, labda hakusikia," Ian alisema.

"Aliye karibu na uwanja ule haisikii ndege, anaitetemekea. Boti isiondoke." Mwanamke wa Manda, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa mwanamke mwingine tu, mwenye safari zake na mume asiyetaka kuchelewa.

Alirudi mezani na kalamu mpya. Khatib alikuwa anatazama saa ya ukutani.

"Bwana Khatib, simu yako unayo? Naomba kuiona. Unaweza kukataa."

"Nikatae kwani nimeiba?" Akaitoa mfukoni, akaifungua kwa kidole, akaisukuma juu ya meza. Alikuwa amejitayarisha kwa hilo: orodha ya simu zilizopigwa ilikuwa tupu kabisa. Kwenye kona ya kioo chaji ilisoma kumi na moja.

Bochaberi hakuigusa orodha ile. Alifungua mipangilio, akaenda kwenye betri, akabonyeza saa ishirini na nne zilizopita. Mstari ukajichora kutoka kushoto hadi kulia kama mteremko wa kilima.

"Ulisema ilizima saa ngapi?"

"Saa sita."

"Na ukaiwasha?"

"Saa kumi na moya jioni. Labda na nusu."

Aliigeuza simu imtazame Khatib. "Simu iliyozima haina mstari. Huacha pengo, kama jino lililong'oka. Hapa hamna pengo. Saa sita ulikuwa na sabini na moja. Saa kumi na moja una thelathini. Haikulala hata dakika moja."

Khatib aliinama, akaangalia, akacheka kwa pua. "Mambo ya simu hayo siyaelewi. Labda saa zake zimekwenda kombo."

"Labda. Hebu tuone nini kilichoila." Alishuka chini ya mstari. Haikuwa video wala muziki. Juu kabisa paliandikwa mtandao wa simu, na chini yake, kwa herufi ndogo: muda bila mtandao, saa mbili na dakika kumi. "Simu ikikosa mnara haitulii, Bwana Khatib. Huutafuta. Huita na kuita kama mtu aliyepotea msituni, na kila mwito ni chaji. Mteremko mkali unaanza saa sita na nusu, unaisha karibu saa tisa. Wewe saa saba ulikuwa gatini Manda. Mimi asubuhi hii nimepita pale, nimezungumza na ofisi bila kukatika."

"Mtandao una siku zake."

"Kweli. Una siku zake."

Hakumbana zaidi. Alimwuliza kuhusu mashine, nguvu yake, mafuta inayokula kwa saa, na Khatib, kwa kuona wamehama, akajibu kwa wepesi mpaka akasema mwenyewe kwamba jana alitumia nusu ya alichozoea kutumia kwenda Manda na kurudi. Alipojisikia alivyosema, akakamata kikombe. Kilikuwa kitupu.

Saa tano na nusu Bochaberi alikwenda nyuma kuagiza chai nyingine. Akaandika: "Mtandao vijiti vingapi? Herufi gani juu?"

Safari hii jibu lilichelewa. Dakika ya kwanza ikapita. Nusra alikuwa amesimama, ameshika ukuta. Dakika ya pili ikaelekea ukingoni.

"Kimoja. E. 6."

"E ni mtandao hafifu, wa kuja na kupotea. Sehemu ileile," Bochaberi alisema. "Alipokuwa Khatib jana ndipo alipo Hadia leo. Mbali na minara yote, lakini karibu, kwa maana mafuta hayakwenda mengi. Bi Nusra, hapa jirani wapi mtu anakosa mtandao?"

"Mahala pengi, Bi Inspekta. Ukiingia tu kwenye mikoko, ndia zote ni hivyo."

"Penye nyumba ya mawe?"

Nusra alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamemjaa.

Aliporudi, Khatib alikuwa amebadilika. Goti lake lilikuwa linacheza chini ya meza. "Bi Inspekta, nitilie chaji basi. Imebaki saba. Nna mtu wa kumpigia saa saba."

"Nani?"

"Fundi wa mashine."

"Hamna neno." Alichukua waya wa chaji uliokuwa ukining'inia kwenye soketi, akautia. Haukuingia. Akaugeuza, akausukuma tena. Uliingia nusu ukakataa, na simu haikuonyesha kitu.

"Ni mchanga huo," Khatib alisema. "Sisi watu wa boti."

Bochaberi alitoa pini kwenye ukosi wa koti lake, akalichimba lile tundu pole pole juu ya kisahani. Kilichotoka hakikuwa mchanga. Kilikuwa unga mweupe ulioshikana, laini. Alilowesha ncha ya kidole kwa mate, akaugusa. Mwanzoni hakuhisi kitu. Kisha kidole kikaanza kupata moto, kama aliyeshika kikombe cha chai.

Alikifuta kidole kwenye karatasi, akaikunja karatasi, akaandika juu yake tarehe na saa.

"Fundi wako anakaa penye chokaa?"

Goti la Khatib liliacha kucheza.

Chumba cha nyuma Bochaberi hakukaa tena. "Matanuri ya chokaa. Yako mangapi?"

"Mawili," Nusra alisema haraka. "Moya ni hili hapa nyuma ya mui wetu, lina watu kutwa, na mtandao upo. La pili ni Shungi, ng'ambo ya mkondo, nti kavu. Lilifungwa zamani, lina ghala la mawe. Hadia alisema miezi hii huona moshi huko. Alisema..." Akakwama. "Alisema yana hiyo, akenda kazini, atapita akaangalie kuni wanazochomea ni za mti gani."

Kila mmoja chumbani alijua ni za mti gani.

Saa ilikuwa sita kasoro dakika mbili. Bochaberi alikwisha andika: "Hapo pana chokaa? Ndiyo au la." Akangoja mshale wa saa ufike, akatuma.

"Ndiyo. 5."

"Ian, washa mashine. Chukua madumu mawili ya maji na bunduki zote mbili."

Nusra alimshika mkono wa koti. "Niachie neno moja. Bado ana asilimia moja. Mambo yamekwisha sasa, mnajua alipo. Nimwandikie twaja. Twaja tu, Bi Inspekta. Yuko kwenye kiza, hajui kama kuna mtu duniani anayemtafuta ila mimi, na kwangu hana la kutarajia, sina hata mtumbwi."

Bochaberi aliitazama simu. Vidole vyake vilikwisha fika kwenye herufi.

"Tuna nusu saa baharini," alisema. "Katika nusu saa hiyo mtu akimpekua akakuta neno twaja, tutafika ghala tupu. Siwezi." Akaizima simu, akaitia mfukoni.

Alipita kwa Khatib. Hakuketi.

"Shungi," alisema.

Rangi ilimtoka Khatib midomoni.

"Aliyeko huko ni nani?"

"Barka." Sauti ilikuwa kavu. "Mtoto wa mamangu mdogo. Yeye hana makosa, mimi ndiye niliyemwita. Yule mwanamke alianza kupiga picha tanuri, boriti, sisi wenyewe. Simu nikaitupa maini, ikazama. Yeye sikujua nimfanye nini."

"Saa saba ikifika usimpigie, atafanya nini?"

"Ataondoka."

"Na Hadia, au bila ya Hadia?"

Khatib alitazama kisahani chenye unga mweupe. "Hilo nilimwachia yeye."

Bochaberi angeweza kumpa simu ampigie Barka amtulize. Lakini neno moja la siri kati ya ndugu wawili lingetosha, na yeye asingelijua hata akilisikia. Alimwacha Khatib kwa askari wa zamu, akatoka.

Maji yalikuwa yamekupwa. Ian aliendesha akifuata utepe mwembamba wa kina katikati ya tope, na mara mbili rafadha ya mashine ikakwaruza chini ikatoa maji meusi. Bochaberi alikaa mbele akiangalia saa. Sita na robo. Sita na nusu. Simu yake mwenyewe iliporomoka vijiti kimoja kimoja, kisha ikaandika haina huduma, ikapata kimoja, ikakipoteza tena. Ng'ambo ukatokea ukuta wa kijivu juu ya mikoko iliyokatwa, na utambi wa moshi.

Walizima mashine mbali, wakasukuma kwa upondo. Hata kabla ya kugusa nchi kavu walimsikia mtu analia. Haikuwa sauti ya mwanamke.

Ian alipanda kwanza, bunduki mbele. Ghala lilikuwa wazi. Ndani hamkuwa na mtu, ila magunia, moja limepasuliwa, na bilauri ya plastiki imeanguka kizingitini, maji yake yangali yanaingia ardhini.

Barka walimkuta nyuma, magotini, kwenye dimbwi la tope, akijitupia maji ya chumvi usoni kwa mikono yote miwili. Alikuwa mtu wa miaka ishirini na mitano hivi. Uso na kifua vilikuwa vyeupe, na macho yalikuwa yamefumba na kuvimba. "Mato yangu," alikuwa akisema. "Yallah, mato yangu!"

Hatua kumi kutoka hapo Hadia alisimama na panga la Barka mkononi, halimwelekei mtu. Buibui lake lilikuwa la kijivu kwa vumbi. Alipowaona hakukimbia wala hakulia. Alilitupa panga kando.

"Nyinyi ni nani?"

"Polisi. Tumetumwa na Nusra."

"Dumu!" Bochaberi alimwambia Ian. Alimlaza Barka chali, akamfungua kope kwa vidole, akammiminia maji baridi jicho moja, kisha la pili, polepole, bila kukoma, huku yeye akipiga mayowe na kurusha miguu. Dumu la kwanza likaisha. Akaanza la pili.

"Alikuwa amekushambulia?" aliuliza bila kugeuka.

Hadia alitikisa kichwa. "Aliniletea maji ya kunywa. Alifungua mlango, akainama ayaweke chini."

Maji yaliendelea kumiminika.

"Simu ilikuwa inakufa," Hadia alisema. "Nilijua Nusra hawezi kuja, Nusra hana boti. Katika kiza kile nilidhani ni vumbi tu la ghala. Kutwa limenichoma viganja, nisijue ni nini. Mpaka Nusra aliponiuliza, hapo pana chokaa? Ndipo nikajua nina nini mkononi." Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. "Ningejua mwaja, ningengoja."

Ian aliangalia baharini.

Jicho la kulia la Barka lilifunguka kidogo, jekundu, likatafuta mwanga likaupata. La kushoto halikufunguka. Bochaberi alilifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa, wakambeba mpaka kwenye boti, wakamlaza kwenye kivuli cha turubali, na Hadia akaketi upande wa pili, mbali naye kadiri boti ilivyoruhusu.

Mkondoni, mtandao uliporudi, Bochaberi aliita zahanati, kisha Amu. Halafu akamtazama Hadia. "Si Nusra aliyeuliza," alisema. "Ni mimi niliyeandika. Zote nimeandika mimi."

Hadia aligeuza viganja vyake juu, ngozi imebabuka, akavitazama.

Sheria ilitaka maelezo yachukuliwe mapema, kabla watu hawajaanza kusahau. Bochaberi alifungua daftari juu ya goti, mashine ikinguruma, na kwa kuwa kila maelezo huanza na yule aliyeyaandika, akaandika:

"Saa sita na dakika mbili mchana, mimi, Inspekta Bochaberi, nilimkataza Nusra kumwambia dada yake kwamba tunakuja."